Ukiitwa, Usiitike

Jioni ile nilikuwa napeleka gauni la bi harusi ambaye hakuwa mtu.

Gauni lenyewe nililishona kwa chandarua kuukuu, maana mwaka ule wa sabini na nne kitambaa cheupe kilikuwa hakipatikani hata kwa dawa. Nililikunja vizuri, nikalitia kikapuni pamoja na sindano, uzi na tochi, nikamwambia mdogo wangu Mektilda avae ndala twende.

Mektilda alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama alinikabidhi mtoto huyo stendi ya Moshi kwa maneno machache tu. "Agnesi, haya ni macho yangu. Nimekupa." Akaja kusoma Dar es Salaam, akawa analala kitanda kimoja na mimi katika chumba cha uani, Mtaa wa Sikukuu, na popote nilipokwenda alinifuata. Kwa hiyo jioni ile nayo nilimchukua. Hakuna aliyenishauri nimchukue, na leo sina wa kumlaumu.

Tulikuwa tunakwenda Pangoni.

Nyuma ya Mnazi Mmoja, ndani ya uzio wa mabati, kulikuwa na banda refu jeusi lisilo na dirisha hata moja. Lilijengwa na Mgoa mmoja aliyeitwa Bwana Marcelino. Ndani yake vigari vya watu wawili wawili vilivutwa na mnyororo juu ya reli, gizani, kona kwa kona. Kona ya kwanza fuvu linakuangukia. Ya pili kamba zilizoloweshwa maji zinakupapasa uso. Ya nne bi harusi wa mbao ananyanyuka kutoka kitandani na kukaa. Na popote ndani mle, wakati hujui umefika wapi, unasikia sauti inakuita. Inakuita kwa jina lako.

Watu walilipa wapate kutishwa. Mimi mmojawapo. Nililipenda Pango kama wengine wanavyopenda mpira, na hatukuwa wachache.

Cherehani yangu ilikaa barazani mwa duka la binamu yangu Onesphory. Kila alasiri muuza kahawa akitua dele lake pale, wapenzi wa Pango tunakusanyika, na ubishi unaanza. Mtu akipita angedhani ni Simba na Yanga.

"Ule si uchakavu, ni uvivu," Mbaruku alisema siku moja. Alikuwa seremala wa Gerezani, mtoto wa mjini hasa, na yule bi harusi alimchonga yeye kwa mikono yake. "Fuvu halianguki. Kamba kavu kama kuni. Bi harusi wangu amelala mwaka wa pili huu, hajanyanyuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyie subirini tu."

"Vipuri vitoke wapi, bwana?" Onesphory akamjibu. "Springi ile ilitoka Ulaya."

"Springi ya kiti cha lori inatosha! Tatizo nyie watu wa madukani, kitu kisichotoka Ulaya kwenu si kitu."

"Mimi springi hainiumi," nikasema, mguu ukiwa bado kwenye cherehani. "Kinachoniuma ni sauti. Pango bila sauti ni chumba cha giza, basi. Giza hata kwangu lipo."

Hapo wote wakadakia. Ile sauti haikuwa siri kwetu, ingawa kujua hakukupunguza utamu wake. Mkata tiketi alikuuliza jina, akaliandika kwenye kikaratasi, akakipenyeza kwenye tundu. Nyuma ya ukuta alikaa Mzee Zahoro na faneli kubwa ya bati, na gari lako likipita anakuita. Juu ya mlango wa kuingilia kulikuwa na bango la maandishi mekundu: UKIITWA USIITIKE. Tukawa tunaingia tumebana midomo kwa mikono, tunacheka kwa puani.

Halafu Marcelino akaondoka nchini, Pango likachukuliwa na shirika la umma, akaletwa meneja. Meneja akasema mtu mzima kulipwa mshahara akae nyuma ya ukuta akiita majina ya watu ni hujuma kwa uchumi wa taifa. Mzee Zahoro akapewa ufagio na funguo za geti. Bango likapakwa rangi, likaandikwa UHURU NA KAZI.

"Wangeliandika mlangoni kwake, maana ofisini hafiki kabla ya saa nne," Onesphory alisema, tukacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Mbaruku peke yake hakucheka. "Lile bango Marcelino alikuwa akilipaka rangi mwenyewe," akasema. "Kila mwezi. Taa ikiungua anaweza kuiacha wiki nzima. Lakini bango, hapana. Mvua ikilichuja kidogo tu, utamkuta juu ya ngazi na brashi."

"Mgoa yule alikuwa na mambo yake," Onesphory akasema, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya sukari.

Tukakubaliana tulitengeneze wenyewe kabla ya Saba Saba. Mbaruku springi, Onesphory grisi na balbu, mimi gauni. Meneja alifurahi sana. Alitupa mkono mmoja mmoja, akatuambia huko ndiko kujitolea.

Basi ndivyo nilivyofika getini jioni ile na kikapu changu. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya Magomeni. Mzee Zahoro alikuwa amekaa kwenye ndoo aliyoipindua, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Saa hizi mnakuja kufanya nini?"

"Kumvisha bi harusi."

Akamtazama Mektilda. "Na huyu?"

"Ananishikia tochi."

"Njooni kesho asubuhi."

"Kesho nina sare za shule ishirini, mzee wangu."

Adhana ikaanza. Akasimama, akavaa kofia yake. "Basi ningojeni niswali magharibi, nirudi. Nikiwa sipo msiingie. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mzee."

Nilisikia kweli. Lakini mimi nina ugonjwa mmoja tangu utoto: sipendi kusubiri. Mgongo wa Mzee Zahoro ulipopotea tu uchochoroni, nikamshika Mektilda mkono tukaingia.

Mbaruku alikuwa ndani, kwenye swichi ya mashine, springi yake mpya imefungwa kwenye gazeti na kutiwa mfukoni mwa koti.

"Wewe huswali?" nikamtania.

"Naenda sasa hivi. Nataka nimwone amevaa kwanza. Kesho namtia springi." Alikuwa na furaha ya baba wa bi harusi. "Mlango wa pembeni funguo zake anazo mzee, itabidi mpande gari. Nitalisimamisha kona ya nne. Kitanda kiko ubavuni kabisa, utamvisha ukiwa umekaa. Ukimaliza, piga ukelele."

Tukakaa. Akakishusha kile chuma cha mapajani, kikafunga. *Ka!*

"Kinafungukia wapi?" Mektilda akauliza.

"Kule mwisho tu, gari likigonga kile kizuizi. Marcelino hakutaka mtu ashuke njiani."

Mnyororo ukaguna chini yetu. Tukaingia.

Giza la Pangoni si giza la usiku. Usiku una mbingu. Mle ndani unafumbua macho na kuyafumba ni mamoja. Nilisikia kutu, grisi ya Onesphory, na mavi ya popo. Fuvu halikuanguka. Kamba zikatupitia usoni, kavu. Mektilda alikuwa anacheka peke yake kwa raha.

Kona ya nne ilikuwa na balbu moja nyekundu. Gari likasimama. Bi harusi alikuwa chali kitandani mwake, mkononi kwangu kabisa, pua imetafunwa na panya, macho ya rangi nyeupe yanatazama bati. Nikampitisha gauni kichwani, nikamvuta mikono yake ya mbao, nikaanza kushona kifungo cha shingoni. Mektilda alimulika.

"Dada, amependeza."

"Amependeza nini, hana pua."

Nikakata uzi kwa meno. Na hapo taa ikazimika.

Nje, mbali, nikamsikia Mbaruku. "Umeme umekatika! Tulieni hapo hapo! Naenda kutafuta mpini, nitavuta mnyororo kwa mkono!"

"Fanya haraka!"

Nyayo zake zikaenda zikaisha.

Tukabaki na tochi, na betri zake zilikuwa za mwezi uliopita. Mwanga wake ulikuwa wa manjano, haufiki hata ukutani. Nikakisukuma kile chuma. Hakikutikisika. Nikajaribu kujivuta juu kwa nyonga. Kikanibana vile vile. Mektilda alikuwa mwembamba, nikamwambia ajaribu yeye. Akahangaika, akaumia paja, akaacha.

"Dada, nahisi joto."

"Atakuja sasa hivi."

Mchana kutwa nyundo za soko jipya zilikuwa zinagonga, hata ukiwa Mnazi Mmoja unazisikia. Sasa zilikuwa zimenyamaza. Adhana imekwisha. Sikusikia gari, wala mtu, wala popo. Nilisikia pumzi yangu na ya Mektilda.

Halafu harufu ikabadilika.

Kutu ikaondoka, na grisi, na popo. Ikaja harufu ya maziwa yaliyomwagikia moto. Moshi wa kuni mbichi. Maganda ya ndizi. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama, Kibosho, na machozi yakanijaa machoni kabla sijajua kwa nini.

"Mektilda..."

Sauti ilitoka mbele, kona ya tano. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ya mtu aliyesimama migombani jioni anamwita mwanawe aje kula, ikalivuta lile jina katikati kama tunavyolivuta nyumbani.

Nataka nieleze jambo hapa, vinginevyo mtu hataelewa. Kwa mama yetu, mtoto akiitwa aliitika kabla jina halijaisha. "Asiyeitika ameokotwa," mama alikuwa akisema, na alitufinya tukajua. Hakuna adabu aliyotufundisha kwa nguvu kuliko hiyo. Mtaa mzima wa Sikukuu walimsifu Mektilda kwa hiyo. Ulikuwa huwahi kumalizia kumwita, keshasema abee.

Nilihisi kifua chake kinajaa hewa.

Nikamziba mdomo.

"Dada," alinong'ona ndani ya kiganja changu. "Ni mama."

"Mama yuko Kibosho."

"Ni mama!"

"Nyamaza."

Nilijaribu kufikiri. Nani nyuma ya ukuta? Hakuna mtu nyuma ya ukuta, ni mwaka wa pili sasa. Nani ametuuliza majina getini? Hakuna aliyetuuliza. Mzee Zahoro hakulijua jina la mtoto huyu. Mbaruku mwenyewe alikuwa akimwita "shemeji" kwa utani. Bango lile nililolicheka miaka yote likanijia mbele ya macho, herufi nyekundu, moja moja.

"Mektilda..."

Sasa ilitoka kitandani kwa bi harusi.

Nikaelekeza tochi. Ule ubao ulikuwa chali kama nilivyouacha, kifungo shingoni. Mwanga ukatetemeka, ukawa mwekundu, ukawa kijicho, ukafa.

Nikapiga kelele ya kumwita Mbaruku. Kuta zikaimeza. Nikakipiga kile chuma kwa ngumi mpaka ngozi ikachubuka. Kilinibana mapajani kama ardhi imbanavyo maiti, na nilitambua kwamba hata nikitaka kukimbia na kumwacha mtoto, siwezi. Niliona aibu kwamba wazo hilo lilinipitia. Nalisema kwa sababu ni kweli.

Mektilda alikuwa analia kimya kimya. Machozi yake yalinilowesha vidole. Hakuwa anaogopa. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alikuwa anatamani nyumbani. Akaning'ata, kwa nguvu, mkono wangu ukaachia.

"Mektilda..."

Mara ya tatu ilitoka ndani ya gari. Katikati yetu. Pale ambapo bega langu liligusana na bega lake.

Akavuta pumzi ya kuitika.

Nikamtangulia.

"Abee!"

Harufu ya maziwa ikakatika, mtu angesema imefunikwa kawa. Halafu kitu kikauliza, taratibu. Sauti haikuwa tena ya mama. Ilikuwa ya asiyejua kusema, aliyejifunza maneno kwa kuyasikiliza nyuma ya ukuta miaka mingi.

"Nani... huyo?"

Ningeweza kunyamaza. Nimelirudia jambo hilo maisha yangu yote, na kila mara nafika pale pale. Ningenyamaza, lingemwuliza yeye.

"Ni mimi," nikasema. "Agnesi."

Nikasikia pumzi inashushwa, ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Kitanda kikalia.

Umeme ukarudi. Balbu nyekundu ikawaka na gari likashtuka, likaanza kwenda. Bi harusi alikuwa amekaa. Gauni langu la chandarua limemshuka vizuri mabegani, na uso wake ambao Mbaruku aliuchonga utazame juu ulikuwa umetugeukia. Mektilda alilala mapajani mwangu. Sikuondoa macho kwenye ule uso mpaka kona ilipoukata.

Kule mwisho gari liligonga kizuizi, chuma kikafunguka. Mbaruku alikuwa anakuja mbio na mpini, Mzee Zahoro nyuma yake, ndala moja mguuni.

Mzee hakutupa pole. Aliuliza neno moja.

"Nani kaitika?"

Mektilda akaninyooshea kidole.

Mzee Zahoro akakaa chini, kwenye saruji. Mbaruku akachukua ndoo ya maji akamnawisha mtoto uso, na mimi na mzee tukazungumza kwa kunong'ona.

"Marcelino alilikuta hapa alipochimba msingi," akasema. "Ni nini, sijui. Nilisoma ninachojua, halikujali. Mkewe, Bibi Candida, ndiye wa kwanza kuitwa. Akaitika. Mara ya kwanza linachukua jina, mwanangu. Mara ya pili linamchukua mwenye jina. Siku ya arobaini Bibi Candida alikuwa anaanua nguo, akasema abee, akatoka uani. Hakuonekana tena."

"Kwa nini msilifunge hili banda, mkalichoma moto?"

"Likikosa watu humu, linatoka kuwatafuta. Ndipo Marcelino akafanya mchezo. Watu waje wengi, wacheke, waonywe mlangoni. Na mimi niite. Niite kutwa, juu ya sauti yake. Mtu akisikia jina lake anasema huyo ni Zahoro na faneli yake, haitiki. Miaka kumi na mmoja, hakuitika hata mmoja." Akapangusa uso kwa kofia. "Nilimwambia meneja. Aliniambia niache ushirikina wa kikabaila."

"Na mimi sasa?"

"Wewe jina lako linalo. Litakuita. Usiitike." Akanitazama kwa huruma, nami nikaichukia huruma ile. "Sina dawa nyingine."

Nilimkasirikia usiku kucha. Sisi tulikuwa tumekaa barazani tukibishana springi na balbu, yeye yuko getini anajua, anafagia. Lakini nani angemsikiliza? Aliniambia nisiingie, nikaingia.

Siku ya Saba Saba foleni ilifika barabarani. Bi harusi alinyanyuka kila gari lilipopita, na Onesphory alikuja barazani akitamba kwamba sasa Pango limerudi. Mbaruku alikunywa kahawa yake, akainuka. Aliponiaga alitoa kitu mfukoni, akakiweka juu ya cherehani yangu. Springi, bado imo ndani ya gazeti lake. Hakuja tena kunywa kahawa pale.

Mektilda nilimrudisha Kibosho wiki ile ile, nikamwambia mama kwamba joto la Dar limemshinda. Mwaka uliofuata shirika likalibomoa Pango kwa kukosa faida, wakaweka bohari ya magunia.

Siku walipomaliza kulibomoa nilikuwa naosha vyombo uani, magharibi.

"Agnesi..."

Kwa sauti ya Mektilda.

Niliishika sufuria kwa mikono miwili mpaka ile sauti ikapita.

Padri alinyunyizia chumba maji ya baraka. Bibi mmoja wa Mchikichini alinifukiza. Vyote nilivipokea, na vyote havikuzuia kitu. Nilichoweza kufanya ni kulitupa jina. Niliwaambia watu wote wasiniite Agnesi. Nikawa Fundi. Nikawa Mama Cherehani, ingawa sijazaa, kwa sababu wanaume wawili walitaka kunioa na wote wawili walitaka kuniita jina langu. Hivyo nikisikia Agnesi, najua ni nani. Sikwenda nyumbani hata Krismasi, wakati Wachaga wote wanafunga maduka na Kariakoo inabaki imepwaya. Nyumbani wangeniita. Miaka kumi niliishi nikiwa nimekaa vile vile, chuma mapajani, nangoja gari liende.

Halafu, mwezi wa kumi na moja mwaka huu wa themanini na nne, ikaja barua ya Mektilda. Ameolewa, nilijua. Ana mtoto wa kike wa miaka mitatu, nilijua, nilimtumia kanzu ya ubatizo na vigauni. Katika barua zote alikuwa akimwita "kitoto chetu". Sasa alitaka kunifurahisha kwa siri aliyoitunza.

"Dada, wewe ulinitolea jina lako. Mimi nimelirudisha duniani. Mtoto anaitwa Agnesi. Mkwe alitaka jina la mama yake, nikakataa, nikabishana mpaka Padri akaandika. Njoo Krismasi umwone wajina wako."

Nilipanda basi bila kufunga hata begi vizuri.

Nilifika jana jioni. Jua lilikuwa linaingia nyuma ya migomba. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi, mzee sasa, akanikumbatia kwa viwiko kwa sababu ya utomvu. Moto ulikuwa unawaka. Maziwa yalikuwa jikoni. Mektilda alikuwa ndani anatandika kitanda changu. Mtoto alikuwa uani anachezea majani, kichwa kimenyolewa, macho ya mama kabisa.

Nilitua kikapu nimwendee.

Akaacha majani. Akageuka kuelekea migombani, akasimama wima, mikono nyuma, kama alivyofundishwa.

"Abee!"

Sikusikia aliyemwita. Miaka kumi nimekuwa nasikia kila mara, na safari hii sikusikia kitu.

Mama akatabasamu, kisu mkononi. "Unaona adabu? Huyu anaitika kabla hajaitwa."

Nilikimbia. Niliunyoosha mkono kumziba mdomo, mkono ule ule wenye alama ya meno, na ulichelewa. Alikuwa anainamisha kichwa kwa adabu, anamjibu aliyemwuliza.

"Ni mimi," akasema. "Agnesi."

Sasa ni saa kumi na nusu alasiri. Mtoto amelala hapa kando yangu. Nimemfunga kitenge kiunoni, na ncha yake ya pili kiunoni mwangu, na Mektilda, ambaye sasa nimemweleza yote, amekaa mlangoni na panga, hajui atamkata nani. Mama anasema mji umenichanganya akili.

Jina limeitika mara mbili. Wenye jina tuko wawili. Mzee Zahoro alishakufa, sina wa kumwuliza linahesabuje.

Ninaandika haya ili Mektilda asije akadhani nimepotea kwa bahati mbaya. Maziwa yameanza kunukia, na jikoni hakuna aliyewasha moto. Jua likigusa migomba nitamfungua mtoto huyu kiunoni, nimpe mama yake, nitoke uani peke yangu. Mimi sipendi kusubiri. Sitangoja liite hata mara moja.